Samaki soniferasi: maana ya neno na sababu ya kulijua

Mkazi wa Migosi aliyewahi kununua okoko akiwa bado hai anaujua mlio wake. Samaki huyo akishikwa hutoa sauti ya kukwaruza, kama ukucha unaopita kwenye meno ya kitana. Kwa Dholuo, koko ni kelele, na jina okoko haliko mbali na neno hilo. Upande wa Tanzania, samaki wa jamii hiyo huitwa gogogo. Wanasayansi nao wana neno linalowajumuisha samaki wote watoao sauti: soniferasi.

Neno hilo lina asili ya Kilatini. Sonus ni sauti, na ferre ni kubeba. Samaki soniferasi ni yule anayetoa sauti mwenyewe, kwa kiungo cha mwili wake, ili kufikisha ujumbe: niachie, ondoka hapa, au njoo. Hapa ndipo wengi huchanganya. Omena wakirukaruka kwenye wavu husikika, na kamongo anapopanda juu kuvuta hewa husikika pia, lakini kelele hizo hutokea tu samaki akiwa katika shughuli nyingine, kwa hiyo hazihesabiwi.

Samaki hana nyuzi za sauti kooni kama binadamu. Okoko ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la ubavuni, na shina la mwiba huo limekaa ndani ya tundu la mfupa. Mwiba ukizungushwa, matuta madogo yaliyo kwenye shina hukwaruza mfupa na mlio hutoka. Miiba hiyo hujifunga ikiwa imesimama, na huchoma vibaya. Ni vyema kuikata kabla ya kumwachia mtoto kazi ya kumtayarisha samaki huyu.

Samaki wengine hutumia bondo, yaani mfuko wa hewa kama ule wa mbuta unaouzwa kwa bei ghali. Misuli hulitikisa bondo nalo huvuma kama ngoma. Hata hivyo, kuwa na bondo hakutoshi kumfanya samaki awe soniferasi, kwani wengi wanalo kwa ajili ya kuelea.

Orodha ya dunia iliyochapishwa mwaka 2022 ilipata spishi 989 zilizothibitishwa kutoa sauti za makusudi. Dume la tilapia wa Nile, ambaye sokoni wengi humwita ngege, hutoa sauti anapowafukuza washindani. Fulu nao wamo. Utafiti wa mwaka 2010 kuhusu fulu wa Ziwa Victoria ulionyesha kwamba madume hutoa sauti wanapowabembeleza majike, kwamba sauti hizo hutofautiana kati ya spishi na spishi, na kwamba majike huzizingatia wanapochagua dume.

Jambo hili la mwisho lina uzito kwa Ghuba ya Winam, ambako maji yamejaa udongo na mwani unaostawishwa na mbolea na maji taka. Majike wa fulu huchagua pia kwa rangi. Utafiti mwingine katika ziwa hili, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba maji yakiwa machafu rangi hazionekani vizuri, spishi huanza kuchanganyika, na aina za fulu hupungua. Hilo liliwapata samaki ambao tayari walikuwa wameliwa kwa wingi na mbuta aliyeletwa ziwani katika karne iliyopita.

Tope haliizuii sauti kama linavyozuia mwanga. Majini sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya mwendo wake hewani. Kinachoweza kuifunika ni kelele nyingine, hasa mngurumo mzito wa injini za boti, ambao uko karibu na sauti nzito za samaki wengi. Mvuvi anayepiga kasia badala ya kuwasha injini juu ya mazalia huwapunguzia samaki kelele hiyo.

Neno soniferasi hutumika pia katika kazi ya kutafuta mazalia. Maikrofoni ya majini huachwa mahali kwa siku kadhaa, kisha wataalamu husikiliza ni samaki gani waliokuwapo na saa walizokuwa wakiitana. Kwingineko duniani, samaki wa baharini wamefuatiliwa hivyo kwa miongo mingi, bila kutupa wavu na bila kumuua hata samaki mmoja.