Kifaa cha soja langoni hakilii? Anzia kwa betri

Unajua ile rungu nyeusi ambayo soja hukupitishia mwilini ukiingia kwa jumba la maduka? Wiki hii ichunguze. Una simu mfukoni, funguo, mshipi wenye chuma, na sarafu za nauli zilizobaki. Kikipita juu ya hivyo vyote bila kulia, wewe hujakaguliwa. Umepungiwa tu.

Na hili si jambo la kuchekea. Ukaguzi wa milangoni ulizidi kukazwa baada ya shambulio la Westgate la Septemba 21, 2013, ambapo watu wasiopungua 67 waliuawa. Kifaa kilichokufa mkononi mwa soja ni maigizo.

Soja mmoja wa jengo fulani katikati ya jiji aliniambia huwa wanangoja hadi wiki mbili kuletewa betri mpya. Siku hizo zote wanaendelea kupunga kama kawaida, maana kumwambia msimamizi kila asubuhi kwamba kifaa kimezima ni kuonekana msumbufu. Mwenzake amechoka kungoja, sasa hununua kwa pesa zake. Yaani mtu anasimama juani saa kumi na mbili halafu anunue betri ya kampuni? Zii!

Vingi vya vifaa hivi vya mkononi hutumia ile betri ya volti 9, ya umbo la kiberiti, yenye vifungo viwili juu. Ndani ya kifaa kuna koili inayotengeneza uga wa sumaku, na chuma kikipita karibu uga huo unavurugika, kifaa kinalia. Kazi hiyo inakula umeme kila sekunde kifaa kikiwa kimewashwa. Langoni kinawashwa asubuhi hadi usiku. Betri ya kutupa inaisha, inatupwa, inanunuliwa nyingine, na siku ofisi ikisema hakuna pesa, lango linabaki na rungu ya plastiki.

Betri za kuchaji zinatatua hilo. Tuseme betri moja ya kutupa ni shilingi 300 na lango linamaliza moja kila wiki. Hiyo ni zaidi ya 15,000 kwa mwaka, lango moja tu. Betri mbili za kuchaji pamoja na chaja yake hazifiki hapo hata kwa mbali, na zinaweza kuchajiwa mamia ya mara.

Lakini usikimbie dukani bado. Betri ya kawaida ya kutupa ya volti 9 huwa na takriban miliampea-saa 500. Ya kuchaji, ile iliyoandikwa NiMH, mara nyingi ina kama 200. Kwa hivyo haitamaliza wiki. Huenda ikabidi ibadilishwe kila siku mbili hivi. Tena soma volti zilizoandikwa ubavuni. Kuna za 7.2 na kuna za 8.4, na zote zinauzwa kama za volti 9. Chukua ya 8.4. Ukiweka ya 7.2, taa ya onyo inaweza kuwaka mapema hata kama betri imejaa, na soja ataizoea taa hiyo hadi aache kuiangalia.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni jinsi inavyokufa. Ya kutupa hudhoofika polepole, unaona dalili. NiMH inashikilia nguvu zake vizuri, halafu inaanguka ghafla. Ndiyo maana nasema ziwe mbili: moja ndani ya kifaa, nyingine kwenye chaja, na zibadilishwe zamu inapobadilika, iwe taa imewaka au haijawaka. Iandikwe kwa kile kitabu cha zamu, karibu na jina la aliyepokea funguo.

Za lithiamu zinazochajiwa kwa waya wa simu ni tamu, na nyingine hutoa volti 9 kamili. Shida ni kwamba ndani zina saketi ndogo ya kubadilisha umeme, na saketi hiyo inaweza kutoa kelele za umeme zinazosumbua kifaa ambacho kazi yake yote ni kusikiliza mabadiliko madogo. Nunua moja, ijaribu siku nzima, ndiyo uagize za malango yote.

Wasee wanaotafuta dhahabu huko Migori wana hesabu yao tofauti. Vifaa vyao vingi hutumia betri ndogo za AA. Nane za kutupa zinatoa volti 12, nane za kuchaji zinatoa 9.6. Vifaa vingi vinavumilia, ila soma kijitabu chake kwanza. Za AA zilizotengenezwa kushikilia chaji ndizo bora kwao, maana NiMH za kawaida hupoteza chaji nyingi zikikaa tu kwa mkoba wiki kadhaa.

Kando kidogo: kuna Mwingereza, James McCormick, aliyeuzia Iraq vifaa vya kutambua mabomu vilivyoitwa ADE 651. Havikuhitaji betri hata moja. Vilikuwa feki, na mwaka wa 2013 alifungwa miaka 10. Kwa hivyo ukiuziwa kifaa cha usalama kisichotaka betri wala chaji, shika pesa zako.

Na tafadhali, ile ya kutupa isiwekwe kwenye chaja eti ijaribiwe. Inaweza kuvuja au kupasuka, na ile dawa yake ikimwagikia vifungo vya ndani, kifaa kizima kinaenda kwa fundi.