Sura ya Sita: Mchawi Hatakiwi

Waanzilishi wa benki za kidijitali wakija kuomba ushauri, swali huwa lile lile: yule kijana mkali tutampata wapi? Wameshajiaminisha kwamba mahali fulani kati ya Kijitonyama na Nairobi yuko kijana mmoja asiyelala, anayejua kila kitu, ambaye ukimfungia chumbani na kompyuta kwa miezi mitatu atatoka na benki. Tangazo lao la kazi humwita mchawi, mara ninja, na humtaka awe na uzoefu wa miaka minane katika teknolojia ambayo yenyewe haijafikisha mitano. Kijana huyo hayupo. Na akitokea, msimwajiri.

Nitaeleza sababu kwa hatua nne: kujua unamtaka nani, kumtafuta, kumsaili, na kumfanya abaki.

Unamtaka nani

Wengi hudhani benki ya kidijitali ni ile programu ya kwenye simu. Programu hiyo yenye rangi na vitufe ndiyo sehemu rahisi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kukutengenezea inayovutia. Benki yenyewe ni leja: daftari linalosema nani ana kiasi gani, kimetoka wapi na saa ngapi. Kanuni zake hazikutungwa Silicon Valley. Luca Pacioli, mtawa wa Kiitalia, alizichapisha Venice mwaka 1494, na wafanyabiashara wa mji ule walikuwa wakizitumia kabla yake. Kila ingizo lina pande mbili, pande hizo lazima zilingane, na kilichoandikwa hakifutwi. Ukikosea, unaandika ingizo jipya la kusahihisha, na lile la makosa linabaki palepale lionekane.

Chukua M-Shwari, iliyoanzishwa Kenya Novemba 2012 na kampuni ya simu ya Safaricom pamoja na Commercial Bank of Africa. Mteja alifungua akaunti, akaweka akiba na kukopa bila kukanyaga tawi wala kumwona mfanyakazi wa benki. Kwenye tawi, karani akikosea yuko meneja, ipo karatasi yenye saini, na ipo foleni nzima ya mashahidi. Kwenye simu ipo leja tu. Anayeandika msimbo wa leja hiyo ndiye karani, ndiye mhasibu, na asipodhibitiwa ndiye meneja pia.

Ndiyo maana mtu mmoja anayefanya kila kitu ni hatari hata akiwa mwaminifu kupita wote. Wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa wanalijua hili kuliko wawekezaji wengi. Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu, na hakuna anayehisi ametuhumiwa wizi. Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilikosa kufuli ya pili. Tarehe 1 Agosti 2012 iliwasha programu mpya kwenye seva zake. Kati ya seva nane moja ilikuwa imerukwa, ikabaki na msimbo wa zamani uliokuwa haujatumika kwa miaka mingi. Msimbo ule ukaamka na kuanza kununua na kuuza ovyo. Kwa dakika 45 hivi kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Wadhibiti walipochunguza, walikuta hakuna fundi wa pili aliyeikagua kazi ya wa kwanza. Wahandisi wa pale hawakuwa mbumbumbu. Mkaguzi ndiye aliyekosekana.

Unayemtaka, basi, ni mtu anayeandika msimbo wa kawaida unaosomeka, anayeomba ukaguliwe, na anayekosa usingizi shilingi moja isipojulikana ilipokwenda. Ni mtu anayejua kwamba lugha nyingi za kompyuta, ukiziambia zijumlishe 0.1 na 0.2, hujibu 0.30000000000000004, na kwa hiyo pesa huhesabiwa kwa senti nzima, si kwa desimali. Sifa hizi hazing'ai kwenye CV. Uchawi hung'aa zaidi.

Kumtafuta

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa ugumu wa hatua hii huletwa zaidi na masharti ya mwajiri mwenyewe. Sharti baya kuliko yote ni la lugha ya programu. Mwajiri anatumia Python, basi anamkataa mtu aliyefanya kazi ya malipo kwa Java kwa miaka mingi, na badala yake anamchukua aliyesoma Python juzi.

Tazama Nubank, benki ya kidijitali iliyoanza São Paulo, Brazil, mwaka 2013. Waliichagua Clojure, lugha ambayo wenye kuijua walikuwa wachache duniani, sembuse Brazil, pamoja na Datomic, hifadhidata isiyofuta taarifa ya zamani bali huongeza mpya juu yake. Bila shaka umekwisha kuona kwa nini: ni kanuni ya leja ile ile. Wangesubiri wajuzi wa Clojure waje, wangesubiri mpaka leo. Waliajiri wahandisi wazuri wa lugha nyingine wakawafundisha kazini. Mwaka 2020 wakainunua Cognitect, kampuni iliyokuwa nyuma ya Clojure na Datomic, na Mei 2024 walitangaza kufikisha wateja milioni 100. Lugha hujifunzwa. Uangalifu pia hujifunzwa, ila huchukua miaka mingi zaidi na mwalimu wake huwa ni hasara.

Kwa hiyo tafuta mahali ambapo hasara imeshafundisha. Waliofundwa nayo wako kwenye kampuni za simu, kwa wanaounganisha mifumo ya malipo, na kwenye vyumba vya nyuma vya benki za zamani, ambako wapo akina mama na akina baba wanaosimamia mifumo ambayo vijana wa kampuni changa huicheka. Mtu aliyewahi kukesha akitafuta miamala iliyokwama usiku wa mwisho wa mwezi ana shahada isiyotolewa chuoni. Ushindani wa waajiri wa nje wanaolipa kwa dola upo, wala sidharau uzito wake, lakini kabla ya kuulalamikia ondoa kwanza masharti yasiyo na maana.

Kumsaili

Kwenye usaili ndiko ramli hupigwa. Kuna kampuni zinazouliza mipira mingapi ya gofu inaingia kwenye basi la shule. Wameiga Google, ila hawakusikia habari za baadaye: mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi wa Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo hayo ni kupoteza muda, hayatabiri lolote. Huku kwetu, ofisi za Masaki bado zinahesabu mipira.

Wengine humpa mwombaji dodoso linalowagawa binadamu wote katika aina kumi na sita zenye herufi nne nne, kisha wanamkataa kwa kuwa herufi zake si za "mtu wa mfumo". Dodoso hilo lilitungwa na Isabel Myers na mama yake Katharine Briggs, ambao hawakuwa wanasaikolojia kwa taaluma, na kampuni inayoliuza yenyewe inasema lisitumike kuamua nani aajiriwe. Tofauti yake na kusoma nyota ni bei.

Yapo mambo yaliyopimwa. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuajiri. Katika kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kutabiri bila kukosea, kusoma mwandiko wa mwombaji kulipata 0.02. Miaka ya uzoefu, ile inayoandikwa kwa herufi nzito kwenye matangazo yetu, ilipata 0.18. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe kulipata 0.54. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipitia hesabu hizo upya wakazishusha nyingi, na juu kabisa ukawa usaili wenye mpangilio, kwa 0.42. Mpangilio maana yake waombaji wote wanaulizwa maswali yale yale, vigezo vya alama vimeandikwa kabla, na wasaili wawili wanatoa alama kila mmoja kivyake bila kunong'onezana. Njia hii haigharimu kitu, na labda ndiyo sababu hupuuzwa.

Nilipanga hapa nitoe maswali matano. Nitatoa moja, maana likieleweka vizuri mengine utayatunga mwenyewe.

Mama yuko Mbeya, anamtumia mwanawe aliyeko Dodoma shilingi 50,000. Amebonyeza "Tuma". Mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Programu yako ifanye nini?

"Ijaribu tena," msailiwa anajibu.

"Na kama ile ya kwanza ilishafika, kaka?"

Hapo usaili ndipo unapoanza. Mambo matatu yanaweza kuwa yametokea. Agizo limepotea njiani halikufika. Limefika, pesa imekatwa, jibu ndilo lililopotea. Au limefika na bado linashughulikiwa. Ukiwa upande wa simu, yote matatu yanafanana: ni kimya. Ukituma tena kibubusa, mama anaweza kukatwa shilingi 100,000. Ukimwambia imeshindikana, atatuma tena mwenyewe, na matokeo ni yale yale, safari hii kwa kidole chake. Wapo wanaosema tuangalie salio. Salio halisemi kitu: huenda dakika ile ile mpangaji wake ameingiza kodi, au makato ya mkopo yamepita.

Mhandisi mzuri, hata kama hajawahi kukutana na swali hili, huanza kutafuta namna ya kulitambua agizo lenyewe. Kila agizo lipewe namba yake ya pekee, na namba hiyo itengenezwe kwenye simu kabla ya kutuma. Ikitengenezwa kwenye seva, agizo lililotumwa mara mbili litapata namba mbili na tumerudi kule kule. Seva ikipokea namba isiyoijua, inatekeleza na kuhifadhi jibu. Ikipokea namba inayoijua, haitekelezi tena. Inarudisha jibu lile la kwanza. Sasa simu ijaribu mara kumi ikipenda, mama atakatwa mara moja tu.

Usimwache apumzike. Muulize namba hiyo inahifadhiwa wapi. Akisema kwenye hifadhidata ya pembeni, muulize: umeme ukikatika baada ya leja kuandikwa na kabla namba haijaandikwa, itakuwaje? Pesa imekatwa lakini seva haikumbuki, na jaribio lijalo litakata tena. Kwa hiyo namba na maingizo ya leja lazima viandikwe kwa pigo moja, vyote viingie au vyote visiingie.

Kisha mpeleke mbele zaidi. Mtoto wa Dodoma yuko kwenye mtandao mwingine wa simu. Sasa leja ni mbili, za kampuni mbili, na hakuna pigo moja linaloweza kuzifikia zote. Hapa wachawi wote hukwama, kwa kuwa wanatafuta hila ya kuuondoa ukimya. Hauondoki. Kinachotakiwa ni ujasiri wa kuandika kwenye mfumo hali ya tatu: si "imefanikiwa", si "imeshindikana", ni "haijajulikana". Pesa inatoka kwa mama na kukaa kwenye akaunti ya mpito. Mama anaambiwa ukweli, kwamba muamala unashughulikiwa, asitume tena. Mfumo unauliza upande wa pili kwa namba ile ile mpaka ujibiwe. Jioni kampuni mbili zinalinganisha orodha zao, ingizo kwa ingizo. Kama pesa haikufika, inarudishwa kwa ingizo jipya. Hakuna anayefuta kitu. Pacioli angelielewa jambo hili bila kujua kompyuta ni nini.

Kutoa alama ni rahisi. Anayeng'ang'ania kujaribu tena hata baada ya kuonyeshwa mama amekatwa mara mbili, asante na kwaheri. Anayefikia namba ya agizo kwa kusukumwa kidogo, anafundishika. Anayefikia "haijajulikana" mwenyewe na kuuliza mama aandikiwe ujumbe gani, mpe mkataba kabla hajafika kituo cha basi, hata kama CV yake ina nafasi tupu ya miaka miwili na chuo chake hukijui.

Kumfanya abaki

Ukurasa uliobaki ni mdogo. Mlipe vizuri na mlipe kwa wakati. Ahadi za hisa zisichukue nafasi ya mshahara. Zamu za usiku zigawanywe na zilipwe. Mfumo ukianguka, uliza ni nini kiliruhusu ukaanguka kabla ya kuuliza nani alikuwa kwenye zamu, maana siku utakapomfukuza aliyekueleza ukweli, wengine wote watajifunza kuuficha, na leja haivumilii siri. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zisomwe na wahandisi, zisiachwe kwa mwanasheria peke yake; wao ndio wanaoamua nani anaweza kufungua akaunti ya nani.

Na kwenye kila usaili acha muda msailiwa naye akuulize. Anayefaa atauliza yafuatayo. Nani hapa anaweza kubadilisha leja peke yake? Hesabu mnazilinganisha saa ngapi, na nani anaweka saini? Fedha ziliposhindwa kulingana mara ya mwisho, mlifanyaje? Majibu uwe nayo kabla ya kutangaza nafasi. Kama huna, mshahara uliotenga kwa ajili ya mchawi mlipe kwanza mhasibu mzoefu, akae nawe mezani mpaka uyapate.