Kujifunza Tiba Kando ya Kitanda cha Mtoto

Mafunzo ya tiba kwa vitendo ni yale anayoyapata mwanafunzi kwa kumshika mgonjwa mwenyewe: kuhesabu pumzi zake, kumbonyeza ukucha, kumtafuta mshipa, kumsikiliza mamake. Nchini Kenya, sehemu nzito ya mafunzo hayo huangukia mwaka wa unagenzi, baada ya miaka 6 ya chuo kikuu. Mhitimu hupelekwa katika hospitali iliyoidhinishwa, kama ya Kaunti ya Kilifi au ya Malindi, akazunguka idara za tiba ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi chini ya macho ya daktari bingwa. Matabibu wanaohitimu stashahada katika KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya chenye matawi Kilifi na Malindi, nao hupitia mwaka wa namna hiyo.

Wadi ya watoto ya Kilifi ina nafasi ya pekee katika elimu hii. Mpango wa utafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome Trust ulianzishwa hapo 1989, na maswali yake mengi yalizaliwa vitandani. Mwaka 1995, mtafiti Kevin Marsh na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 1,844 waliolazwa Kilifi kwa malaria. Walifariki 64, wengi wao kabla ya saa 24 kupita. Kati ya hao 64, 54 walikuwa wameingia wadini wakiwa na fahamu zilizopungua, au wakipumua kwa shida, au yote mawili. Dalili hizo hazingoji majibu ya maabara. Zinamngoja mtu aliyezoea kuzitambua mlangoni.

Kuzitambua si kazi nyepesi. Fahamu za mtoto ambaye bado hajajua kusema hupimwa kwa kipimo cha Blantyre, kilichobuniwa Malawi, chenye alama 0 hadi 5. Kalamu hukandamizwa juu ya ukucha, kisha mwanafunzi anaangalia: je, mtoto anauvuta mkono, analia kilio cha kawaida au anaguna tu, macho yanamfuata mama? Kupumua nako kuna sura zaidi ya moja. Mwenye nimonia hupumua mbiombio, nyama za chini ya mbavu zikibonyea ndani. Mwenye malaria kali iliyojaza asidi katika damu huvuta pumzi nzito, za ndani sana, ilhali mapafu yakisikilizwa ni safi. Kitabu kinaweza kuzieleza zote mbili kwa usahihi, lakini anayezisoma tu huzichanganya. Aliyesimamishwa mbele ya watoto wawili na kuonyeshwa tofauti hiyo haisahau upesi.

Ndiyo sababu Kenya ilitayarisha ETAT+, mafunzo ya huduma ya dharura kwa watoto, kutokana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Kwa siku 5, daktari, tabibu na muuguzi hufundishwa pamoja utaratibu usiorukwa: njia ya hewa kwanza, kisha kupumua, mzunguko wa damu, kupoteza fahamu, degedege, na upungufu wa maji mwilini. Maneno ni machache, mazoezi ndiyo mengi. Mbele ya mwanasesere wa kichanga asiyepumua, kila mshiriki huiweka shingo sawa, isikunjwe wala kupindwa nyuma kupita kiasi, hufunika mdomo na pua kwa barakoa bila kugusa macho, kisha hukamua ambu, yaani mfuko wa kupulizia hewa. Kifua kisipoinuka, hewa haijaingia, hata mkono ukamue kwa nguvu namna gani. Wengi hukosea mara ya kwanza, na ni heri wakosee hapo.

Kwamba mihadhara peke yake haitoshi lilipimwa katika hospitali 8 za wilaya nchini Kenya, matokeo yakachapishwa 2011. Zote zilipewa miongozo. Nne zilipata semina fupi ya mihadhara na ripoti za maandishi. Nne nyingine zilipata mafunzo marefu ya vitendo, usimamizi, na mtu wa kuwashika mkono wenzake hospitalini. Baada ya mwaka mmoja na nusu, huduma ya watoto ilikuwa imeboreka zaidi katika kundi hili la pili.

Mkono uliozoezwa, hata hivyo, hufanya kile ulichozoezwa, kiwe sahihi au la. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kummiminia maji ya mshipa kwa kasi mtoto mwenye homa na dalili za mshtuko wa damu: mikono baridi, mapigo dhaifu, na ukucha unaokawia zaidi ya sekunde 3 kurudisha rangi baada ya kubonyezwa. Jaribio la FEAST, lililoongozwa na mtafiti Kathryn Maitland wa Kilifi, liliwafuatilia watoto 3,141 Kenya, Uganda na Tanzania. Matokeo ya 2011 yaliwashangaza wengi: ndani ya saa 48, walifariki asilimia 10.5 hivi ya waliomiminiwa, na asilimia 7.3 ya wasiomiminiwa. Somo likabidi libadilike. Mtoto aliyekaushwa na kuhara, ambaye hakuwa miongoni mwa waliojaribiwa, angali anahitaji maji ya haraka. Kumtofautisha na mwenzake asiyekaushwa, kwa kuvuta ngozi ya tumbo, kutazama macho yaliyozama na kumuuliza mama, kumekuwa ujuzi wa lazima.

Kumuuliza mama nako ni ujuzi wa mikono mitupu. Mwanagenzi kutoka bara hukutana na mama wa Ganze au Magarini anayezungumza Kigiriama, na aliyekua akisikia kwamba degedege ni nyuni, ndege anayemwingia mtoto. Anayejibiwa kwa dharau hunyamaza, na pamoja naye hunyamaza habari ya dawa alizopewa mtoto nyumbani na saa mtukutiko ulipoanza. Mkufunzi mzuri humketisha mwanafunzi, amsikilize mama hadi mwisho kabla hajashika kalamu.

Mwaka wa unagenzi ukiisha, wengi huondoka, na wadi hupokea wengine wasiojua hata kabati la ambu liko wapi. Mwaka 2024 mpokezano huo ulivurugika: kucheleweshwa kwa nafasi za wanagenzi na mzozo wa malipo yao vilichangia mgomo wa madaktari wa karibu miezi 2. Ujuzi wa kumpulizia mtoto hewa hufifia ndani ya miezi michache usipotumiwa, kwa hiyo wadi zenye utaratibu hurudia zoezi la mwanasesere kwa kila kundi jipya, na kuwarudisha wakongwe pia.