Albamu za muziki wa kielektroniki: Mcheza asiyetuzwa kwao

MNAMO Februari 5, 2023, mwanamuziki Beyoncé alipanda jukwaani jijini Los Angeles, Marekani, kupokea tuzo yake ya 32 ya Grammy. Hakuna msanii mwingine aliyewahi kufikisha idadi hiyo.

Kilichompa rekodi hiyo ni Renaissance, albamu aliyoitoa Julai 2022 na iliyotawazwa bora katika kitengo cha muziki wa densi na wa kielektroniki. Nyimbo zake 16 zimeunganishwa moja baada ya nyingine, jinsi dijei stadi anavyounganisha santuri ili wachezaji wasipumzike.

Hata hivyo, tuzo kubwa zaidi ya usiku huo, ile ya Albamu ya Mwaka, ilimwendea Mwingereza Harry Styles. Miaka miwili baadaye, Februari 2025, Beyoncé hatimaye alitwaa tuzo hiyo aliyoikosa mara kadhaa. Albamu iliyomfungulia mlango ilikuwa Cowboy Carter, iliyosheheni muziki wa kantri.

Tukio moja halitoshi kuthibitisha lolote, na huenda wapigakura walikuwa na sababu zao. Lakini lilifufua swali la miaka mingi: je, albamu za muziki wa kielektroniki hupewa heshima ambayo zinastahili?

Muziki unaozungumziwa hapa si ule wa dansi unaopigwa na bendi za rumba za Afrika Mashariki. Ni ule unaotengenezwa kwa sintesaiza, mashine za ngoma na kompyuta, kisha ukapigwa na madijei katika vilabu: disko ya miaka ya mwisho, hausi, tekno na jamaa zake.

Jibu fupi ni kwamba albamu hizo hupunjwa. Lakini sababu si moja, na baadhi ya lawama zauangukia muziki wenyewe.

Santuri ya kibao kimoja

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, madijei wa New York walikabiliwa na tatizo. Santuri ndogo ya inchi saba ilibeba wimbo wa dakika tatu hivi, ilhali wachezaji walitaka mdundo uendelee.

Nyimbo ndefu zilipatikana katika santuri kubwa za albamu. Huko nako mifereji ya sauti ilibanwa ili nyimbo kadhaa zitoshe upande mmoja, na besi ikadhoofika.

Suluhisho lilikuwa kuuweka wimbo mmoja tu katika santuri ya inchi 12. Mifereji ilipata nafasi, besi ikanguruma. Mnamo 1976, Ten Percent cha kundi la Double Exposure kikawa miongoni mwa vibao vya kwanza kuuzwa madukani kwa umbo hilo.

Tangu hapo, santuri hiyo ikawa ndiyo sarafu ya muziki wa densi. Msanii alitunga kibao chumbani mwake, akachapisha nakala chache, na dijei akakipiga wikendi. Mara nyingi santuri haikuwa na picha ya mtunzi, na pengine hata jina lake halisi halikuwepo. Ilikuwa chombo cha kazi, kama msumeno wa seremala.

Matokeo yake ni kwamba albamu ilibaki mtoto wa kambo. Kampuni zilipoihitaji, aghalabu zilikusanya vibao vilivyokwisha kuvuma na kuzijaza nafasi zilizosalia kwa nyimbo hafifu. Wakosoaji wanaosema kuwa nyingi ya albamu hizo hazina mwanzo wala mwisho hawasemi uongo.

Mizani ya roki

Sababu ya pili ni mizani inayotumika. Tangu mwishoni mwa miaka ya sitini, waandishi wa muziki nchini Marekani na Uingereza walizoea kuipima albamu kwa vigezo vya roki: mashairi mazito, sauti ya mwimbaji, ustadi wa kupiga gitaa, na bendi inayoweza kuirudia kazi yake mbele ya hadhira.

Albamu ya kielektroniki ikitiwa katika mizani hiyo huonekana nyepesi. Maneno yake ni machache au hayapo kabisa. Gitaa halisikiki. Mdundo ni ule ule kwa dakika nane au kumi. Ni sawa na kupima kitambaa kwa kibaba.

Ilhali katika kurudiarudia huko ndimo sanaa ilimo. Aliyewahi kukesha ngomani anajua kwamba ngoma moja hushikilia pigo lisilobadilika ili sikio litambue mabadiliko madogo ya ngoma nyingine. Mtunzi wa hausi hufanya vivyo hivyo. Huingiza matoazi polepole, huiondoa besi, humfanya msikilizaji aingoje, kisha huirejesha. Asiyekuwa na subira husema hakuna kilichotokea.

Zaidi ya mizani, kulikuwa na chuki. Mnamo Februari 1979, albamu ya nyimbo za filamu ya Saturday Night Fever, iliyojaa disko, ilishinda Grammy ya Albamu ya Mwaka. Miezi mitano tu baadaye, Julai 12, santuri za disko zililipuliwa kwa baruti katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park jijini Chicago, mbele ya umati wa watu wapatao 50,000.

Tukio hilo liliandaliwa na mtangazaji wa redio Steve Dahl. Mashabiki walivamia uwanja, na timu ya nyumbani ya White Sox ikapokonywa mechi ya pili ya jioni hiyo.

Dahl ameshikilia kuwa ulikuwa mzaha dhidi ya mtindo wa muziki tu. Lakini disko ilikuwa imelelewa katika vilabu vya Wamarekani weusi, vya Walatino na vya wapenzi wa jinsia moja, na wengi wao waliuona moto huo kuwa umewashwa dhidi yao. Vince Lawrence, kijana mweusi aliyekuwa akifanya kazi uwanjani siku hiyo, amesimulia kuwa miongoni mwa santuri zilizoletwa zilikuwamo za wasanii weusi ambazo hazikuwa za disko hata kidogo.

Wasimamizi wa Grammy walitoa tuzo ya disko mara moja tu, mwaka wa 1980, kisha wakaifuta. Tuzo ya wimbo wa densi ilianzishwa 1998, na ya albamu ya aina hiyo ikasubiri hadi 2005. Kufikia wakati huo, hausi na tekno zilikuwa na umri wa miaka 20.

Kazi zinazojitetea

Je, kuna albamu zinazostahili kutetewa? Zipo, tena si haba.

Mnamo 1974, kundi la Kraftwerk kutoka Düsseldorf, Ujerumani, lilitoa Autobahn. Wimbo uliobeba jina hilo ulichukua upande mzima wa santuri, dakika 22 na ushei, ukimsafirisha msikilizaji katika barabara kuu ya Ujerumani: magari yanapita, mandhari yanabadilika, mwendo hautuli. Redio za Marekani ziliupiga ukiwa umekatwa hadi dakika tatu na nusu hivi, na wengi wakaujua kwa kipande hicho tu.

Kundi hilo lilifuatisha na Trans-Europe Express, 1977, iliyogeuza mlio wa reli kuwa mdundo. Miaka mitano baadaye, Afrika Bambaataa wa New York aliazima sauti za Kraftwerk katika Planet Rock, kibao kilichoielekeza hip hop kwenye njia mpya. Pamoja na mchango huo, Kraftwerk waliingizwa katika jumba la heshima la roki la Marekani mwaka wa 2021 tu, wakati mmoja wa waasisi wake, Florian Schneider, alikuwa ameshafariki.

Mfano mwingine ni wa Uingereza. Mnamo 1997, kundi la Roni Size na Reprazent kutoka Bristol lilishinda tuzo ya Mercury kwa albamu yake New Forms, iliyochanganya midundo ya kasi ya kompyuta na gitaa kubwa la besi la jazi. Miongoni mwa walioshindwa walikuwa Radiohead na albamu yao OK Computer. Leo OK Computer hutajwa katika takriban kila orodha ya albamu bora za karne iliyopita, ilhali New Forms hukumbukwa zaidi kama mshindi wa kushangaza.

Nao Daft Punk wa Ufaransa walitwaa Grammy ya Albamu ya Mwaka 2014 kwa Random Access Memories. Ushindi huo waweza kutajwa kuwa ithibati kuwa mambo yamebadilika. Ila hiyo ndiyo albamu ambayo wawili hao waliajiri wapiga gitaa, besi na ngoma waliobobea, wakarekodi kwa njia ya zamani. Homework ya 1997, waliyoitengeneza kwa mashine chumbani, na Discovery ya 2001, hazikupewa heshima hiyo.

Gharama ya kusahauliwa

Baadhi ya watu watauliza: kuna hasara gani? Madijei mashuhuri wanalipwa vinono, na enzi hii ya kusikiliza muziki kupitia intaneti, hata wasanii wa roki wanalalamika kuwa albamu haisikilizwi tena kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini anayelipwa vinono leo si lazima awe ndiye aliyepanda mbegu.

Mnamo 1984, kijana yule wa Comiskey Park, Vince Lawrence, alishirikiana na Jesse Saunders kutengeneza On and On, kibao kinachohesabiwa na wengi kuwa santuri ya kwanza ya hausi. Jina la muziki huo lahusishwa na Warehouse, kilabu cha Chicago alikovuma dijei Frankie Knuckles. Januari 1987, Jack Your Body cha Steve Hurley, naye wa Chicago, kiliongoza chati ya Uingereza, wakati ambapo Wamarekani wengi hawakuwa wamewahi kuusikia muziki huo.

Mwaka uliofuata, kundi la Fingers Inc. la Larry Heard, Robert Owens na Ron Wilson lilitoa Another Side, mojawapo ya albamu kamili za mwanzo kabisa za hausi. Ni kazi ya upole, yenye uimbaji wa hisia na sintesaiza zinazopumua. Wanaoufuatilia muziki huo huiheshimu mno. Nje ya mduara wao, haijulikani.

Mnamo 2020, Heard na Owens walikwenda mahakamani wakidai kuwa kampuni iliyotoa nyimbo zao za awali haikuwa imewalipa haki zao kwa miongo kadhaa. Shauri lilimalizika kwa maelewano 2022, na haki za nyimbo zikawarejea watunzi. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 35 tangu vibao hivyo virekodiwe.

Hapo ndipo uzito wa suala hili ulipo. Albamu yenye jina, jalada na orodha ya walioitengeneza ni mfano wa hati ya shamba. Humtambulisha mwenye mali kwa wanahistoria, kwa wanaotoa tuzo na hata kwa mawakili. Kibao kisicho na uso hupigwa, huchezwa, kisha humfaidi mwingine.

Afrika Mashariki nayo imelionja somo hilo. Kwa miaka mingi, singeli ya Dar es Salaam ilisambaa kupitia simu na sherehe za mitaani. Mnamo 2017, kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za watayarishaji wa studio ya Sisso katika albamu iliyoitwa Sounds of Sisso. Baada ya hapo, vijana hao walialikwa katika matamasha ya Ulaya wakijulikana kwa majina yao.

Kenya pia ina mfano. Joseph Kamaru, anayejulikana kama KMRU na ambaye ni mjukuu wa gwiji wa benga mwenye jina hilo hilo, alitoa albamu yake Peel mwaka wa 2020 kupitia kampuni ya Austria. Ni muziki wa kielektroniki usiochezeka, unaodai utulivu wa msikilizaji.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Kwa wengi wa watunzi hawa mambo yamekwenda kinyume: wametuzwa ugenini kwanza, na wengine wamesubiri hadi uzeeni. Si kila albamu yao ni bora, na hakuna anayedai zote zipewe tuzo. Kinachodaiwa ni kuwa kila moja isikilizwe hadi mwisho, kwa mizani yake yenyewe, kabla ya kuhukumiwa.