Matuta ya Mlima Kenya yahifadhi kumbukumbu ya barafu

Barafu ya mlimani haitulii. Huteremka polepole ikikokota mawe na udongo, na inapoyeyuka mzigo huo hubaki umerundikana kama tuta. Wataalamu huliita moreni, neno la wenyeji wa milima ya Alps lililoenezwa na Saussure wa Geneva mnamo 1779.

Katika Mlima Kenya, masalio hayo yana majina ya mahali: Liki ni ya enzi ya mwisho ya barafu, Teleki ni ya kale zaidi. Ajabu ni kuwa bonde la Teleki lenyewe lilipewa jina la kabaila wa Hungary aliyefika huko 1887 tu! Mawe ya Teleki yamechakaa zaidi. Anayeyachanganya na ya Liki hukosea umri kwa maelfu ya miaka.

Kati ya 1934 na 2010, barafu ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Matuta yaliyo chini yake yangali yanaonyesha ilikofika.