Ada Imefutwa, Mbona Bado Wanaacha Shule?

Mwanafunzi yeyote wa chuo anayetegemea mkopo wa Bodi anajua kwamba ada siyo gharama nzima ya kusoma. Ada yako inaweza kuwa imelipwa asilimia mia moja, lakini bumu likichelewa wiki tatu watu wanaanza kupungua darasani. Nauli hakuna, hela ya fotokopi hakuna, mlo ni mmoja kwa siku. Hakuna aliyekufukuza, ila mdogo mdogo unajikuta nje. Tukiishika hoja hiyo, tutaelewa vizuri kinachomkuta binti wa miaka kumi na minne kwenye shule ya kata, na kwa nini shirika kama CAMFED linafanya kazi kwa namna linavyofanya.

Tuanze na serikali. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada katika sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, kuanzia Januari 2016. Ada iliyofutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule za kutwa na 70,000 kwa za bweni. Mwaka 2022 ikafutwa na ya kidato cha tano na sita. Ni hatua kubwa, na watoto wengi waliingia darasani kwa sababu hiyo. Lakini mzazi aliachiwa sare, madaftari, nauli, matibabu, na kwa wa bweni godoro na shuka. Ukipiga hesabu, sare mbili, viatu, sweta, begi na madaftari ya masomo yote vinaipita ile elfu ishirini mara kadhaa. Tena vinadaiwa Januari, wakati familia nyingi za wakulima hazina kitu ghalani wala mfukoni.

Kisha kuna umbali. Shule za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia 2004 chini ya mpango wa MMES, lakini kata ya kijijini inaweza kuwa na vijiji vilivyotawanyika, na shule ni moja. Binti anatembea saa nzima au mbili kwenda, na hivyohivyo kurudi. Asipoweza, anapanga chumba karibu na shule, kile wanachokiita geto. Hapo anajipikia, anajilinda, na kodi inapokwama anayejitolea kumlipia huwa na sababu zake. Mimba tunazozisoma magazetini mara nyingi zimeanzia kwenye kodi ya chumba au lifti ya bodaboda. Watu wanasema tamaa. Mimi naona hesabu ya kilomita na shilingi.

Ongeza hedhi. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka 2019 ikairudisha baada ya kuonekana kwamba bei madukani haikushuka. Asiye na pedi, kwenye shule isiyo na maji chooni, hukaa nyumbani siku kadhaa kila mwezi. Siku hizo zinatosha kumpita mada nzima ya hesabu, halafu mwalimu anaandika kwenye ripoti "hana bidii".

Sasa tuje CAMFED. Shirika hili lilianzishwa mwaka 1993 na Ann Cotton, Mwingereza aliyekuwa amekwenda eneo la Mola, kaskazini mwa Zimbabwe, kutafuta kwa nini wasichana ni wachache shuleni. Jibu lililokuwa likitolewa na wengi ni mila, kwamba wazazi hawataki binti asome. Alichokikuta kwa wazazi wenyewe ni umaskini. Wenye hela ya mtoto mmoja walimpeleka wa kiume kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na nafasi zaidi ya kupata kazi ya mshahara na kuwasaidia baadaye. Cotton alirudi Cambridge, akaanza kuchangisha kwa kuuza vitu vya kuoka nyumbani, na wasichana wa kwanza kusomeshwa walikuwa 32. Tanzania shirika liliingia mwaka 2005.

Jibu lile la Mola lina jambo ambalo nadhani tunalipita haraka. Kikwazo cha ajira ndicho kilichozaa kikwazo cha elimu. Mzazi aliangalia mbele, akaona binti hataajiriwa, akaamua hesabu haimlipi. Kwa hiyo ukimlipia binti ada tu na kumwacha mlangoni baada ya kidato cha nne, umethibitisha hofu ya mzazi, na mdogo wake hatapelekwa. Ndiyo maana msaada wa CAMFED umepangwa pande zote mbili, kuingia shuleni na kutoka.

Upande wa kuingia, binti hapewi ada peke yake. Kulingana na hali yake anapewa sare, viatu, vifaa vya kusomea, pedi, na pengine gharama za hosteli. Nani apewe haliamuliwi ofisini mjini. Kunakuwa na kamati za shule na za wilaya zenye walimu, wazazi na viongozi wa eneo, watu wanaojua nyumba ipi haina mlo na yupi amebaki na bibi tu. Uamuzi ukifanywa wazi mbele ya wengi, ni vigumu mtoto wa mjumbe kupenyezwa kwenye orodha. Kila shule pia inakuwa na mwalimu mlezi aliyefundishwa kusikiliza na kufuatilia, na kuna vikundi vya wazazi vinavyochangia kwa walicho nacho, kwa mfano kupika uji wa shule.

Upande wa kutoka ndio ulionivutia zaidi. Mwaka 1998 mabinti waliosomeshwa kule Zimbabwe waliunda umoja wao, ambao leo una wanachama zaidi ya laki mbili katika nchi kadhaa za Afrika, ikiwemo Tanzania. Baadhi ya wanachama hurudi kwenye shule za kwao kama waelekezi wa wanafunzi. Mwelekezi ni dada aliyemaliza sekondari hapohapo kijijini. Anaingia darasani kila wiki kufundisha stadi za maisha, namna ya kujisomea na kujiamini, na mtoto asipoonekana anakwenda nyumbani kuuliza kulikoni. Kwa mama wa mtoto yeye ni "mwanetu wa pale kwa fulani", hivyo anaambiwa mambo ambayo mwalimu mgeni kama mimi haambiwi.

Sasa swali la haki: huyu dada anakula nini? Tunajua jinsi neno "kujitolea" linavyotumika kumfanyisha kazi msichana bure. Utaratibu waliobuni ni wa kubadilishana. Mwelekezi anaweza kupata mkopo usio na riba ya fedha ili aanzishe biashara, na badala ya riba analipa kwa muda wake shuleni. Anafundishwa biashara, na akikamilisha anaweza kupata cheti kinachotambulika cha BTEC, ambacho kinaweza kumfungulia njia hata ya kwenda chuo cha ualimu. Kwa wale wanaomaliza kidato cha nne bila pa kwenda, kuna wenzao wengine wanaowasaidia kuvuka kipindi kile kigumu cha kukaa nyumbani, kwa mafunzo ya ujasiriamali, kilimo na fedha. Mzazi wa kijijini anapoona duka la binti aliyesoma, au anamwona akifundisha, ile hesabu ya Mola inaanza kubadilika bila semina.

Ushahidi wa ngazi hiyo kufika juu upo. Angeline Murimirwa alikuwa mmoja wa wasichana wa kwanza kusomeshwa kule Zimbabwe, na amefika kuwa Mtendaji Mkuu wa shirika lenyewe.

Si kwamba kila kitu kiko sawa. Pesa nyingi hutoka kwa wafadhili wa nje, na mfadhili akibadili mawazo, binti wa kidato cha pili hana wa kumdai. Wasichana wanaosaidiwa ni sehemu tu ya wenye shida, na kuna mvulana anayechunga ng'ombe ambaye naye kiti chake kiko wazi. Halafu duka dogo siyo ajira ya kutosha kwa kila mhitimu. Shirika linaweza kuonyesha njia, lakini hosteli za kata, maji vyooni na walimu wa kutosha ni deni la serikali. Tukisifia shirika hadi tukasahau kudai deni hilo, tutakuwa tumewaonea hao hao wasichana.

Naandika haya kwa wenzangu wa ualimu hasa, kwa sababu wengi wetu tutapangiwa shule za namna hii. Darasani tunafundishwa andalio la somo na saikolojia ya elimu, lakini daftari la mahudhurio tunaliona kama kazi ya kujaza tu. Ukiwa field, hebu lisome. Anayekosa kila Jumatatu huenda anatoka mbali. Anayekosa siku tatu kila mwezi huenda tatizo ni pedi. Aliyehamia geto muhula huu, mjue anaishi na nani. Uliza nani ni mwalimu mlezi na kamati inakutana lini, peleka jina mapema. Na kama binti ameshaondoka kwa ujauzito, mweleze mzazi kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi hao kurudi katika shule za mfumo rasmi baada ya kujifungua. Wazazi wengi vijijini bado wanadhani mlango ule umefungwa, na mtu wa kwanza wa kuwaambia tofauti anaweza kuwa mwalimu wa mazoezi aliyekuja kwa wiki nane tu.