Urubani: Pima shule kabla ya kuuza alizeti

KINTINKU, wilayani Manyoni, ni kituo cha Reli ya Kati na pia ni soko. Wakati wa mavuno, alizeti, ufuta na mpunga wa bondeni hukutana na wanunuzi kutoka Dodoma na Singida, na ng'ombe huingia mnadani. Fedha zikishaingia mkononi, swali la kila mwaka hurudi: ziende wapi? Wapo wanaonunua mashine ya kukamua mafuta, wapo wanaojenga nyumba za kupangisha, na wapo wanaosomesha.

Kati ya masomo yanayotajwa kwa tamaa kubwa ni urubani. Kijana mwenye alama nzuri za hesabu na fizikia humwambia baba yake kwamba rubani analipwa vizuri na hakosi kazi. Mzazi naye akisikia ada hushika kichwa. Lakini wapo wanaouza ghala zima, wakakopa na nyongeza kwa dhamana ya nyumba, bila kuuliza hata nusu ya maswali ambayo wangemwuliza mtu anayewauzia trekta kuukuu.

Ada ya urubani ni uwekezaji kama uwekezaji mwingine. Una gharama, una muda wa kungoja, una hatari ya kupoteza mtaji, na tofauti na mashine ya alizeti, una hatari ya kupoteza mtoto.

BIDHAA INAYONUNULIWA

Kwanza mnunuzi ajue anachonunua. Leseni za urubani hufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na kila nchi huvitekeleza kwa sheria zake. Kwa Tanzania msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Ngazi ya kwanza ni leseni ya rubani binafsi. Kiwango cha chini cha ICAO ni saa 40 za kuruka, na umri usiopungua miaka 17. Leseni hii haimruhusu mtu kulipwa kwa kurusha ndege.

Ngazi ya pili ni leseni ya rubani wa biashara, ambayo ndiyo mlango wa ajira. Hapa kiwango ni saa 200, au 150 kwa anayesoma kozi kamili katika chuo kilichoidhinishwa, na umri usiopungua miaka 18. Juu yake huongezwa kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo pale marubani wasipoona nje, na kibali cha ndege ya injini mbili.

Ngazi ya juu kabisa, ile ya nahodha wa ndege kubwa za abiria, inataka saa 1,500. Saa hizo hazinunuliwi shuleni. Hupatikana kazini, mwaka baada ya mwaka.

Tofauti ya saa 200 na saa 150 si ndogo mfukoni. Chukulia kwamba saa moja ya ndege ya mafunzo inatozwa dola 180. Saa 50 ni dola 9,000. Kwa hiyo swali la kwanza kwa shule yoyote ni hili: je, kozi yenu imeidhinishwa kwa saa 150, na cheti cha idhini kiko wapi? Jibu likisitasita, mzazi asifungue mkoba. TCAA inaweza kuulizwa moja kwa moja juu ya shule ya Tanzania, na mamlaka ya Kenya au Uganda juu ya shule za huko.

DAKTARI KABLA YA MHASIBU

Kosa linaloumiza zaidi ni kulipa ada kabla ya kupima afya. Rubani wa biashara anatakiwa kuwa na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga. Macho hupimwa, pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi. Masikio, moyo na mishipa ya fahamu hupimwa pia.

Kijana anaweza kuwa mzima wa kulima na kucheza mpira, na bado akashindwa kutofautisha rangi fulani. Gharama ya kupima ni ndogo sana ikilinganishwa na ada. Nauli ya kwenda Dar es Salaam na malipo ya daktari vinaweza kuokoa ghala zima la alizeti.

DOLA NA SHILINGI

Shule nyingi za urubani katika kanda hii hupanga bei kwa kufuata dola, kwa kuwa ndege na vipuri hununuliwa kwa dola na mafuta ya ndege hufuata bei ya dunia. Mkulima wa Kintinku anauza kwa shilingi. Hapo katikati pana hatari ambayo wafanyabiashara wa forodhani wanaifahamu, lakini wazazi wengi huisahau.

Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Katika mwaka 2024 ilipita shilingi 2,700, kabla ya shilingi kujikaza tena baadaye. Chukulia ada ya kozi nzima ni dola 45,000. Kwa bei ya kwanza ni shilingi 103,500,000. Kwa bei ya pili ni shilingi 121,500,000. Tofauti ni shilingi milioni 18, bila shule kuongeza hata senti. Kwa anayeuza gunia la alizeti kwa shilingi 60,000, hizo ni gunia 300 zilizopotea njiani.

Dawa yake ni ile ile ya mwagizaji wa bidhaa: kuweka akiba ya dola kidogo kidogo kila baada ya mauzo, na kutoanza kozi kabla ya kuwa na sehemu kubwa ya ada. Mwanafunzi anayesimama miezi mitatu kungoja mavuno yajayo husahau alichojifunza, na akirudi hurudia saa alizokwisha kulipia.

Ieleweke pia kwamba saa 150 au 200 ni kiwango cha chini. Wanafunzi wengi huhitaji zaidi. Saa kumi za ziada kwa dola 180 ni dola 1,800. Kuna ada za mitihani, leseni, vitabu, chumba na chakula, na mara nyingi ada ya mtahini. Mzazi adai bei yote kwa maandishi, kisha aongeze walau sehemu moja ya tano juu yake.

USILIPE KWA MKUPUO

Baadhi ya shule huvuta wateja kwa punguzo kwa anayelipa kozi nzima mwanzoni. Punguzo hilo ni mkopo ambao mzazi anaipa shule bila dhamana.

Mfano unaokumbukwa duniani ni wa Marekani. Kampuni ya Silver State Helicopters, iliyokuwa ikifundisha urubani wa helikopta, ilifunga milango ghafla mwezi Februari mwaka 2008 na kufilisika. Wanafunzi zaidi ya 2,000 waliachwa njiani, wengi wakiwa wamekopa karibu dola 70,000 kila mmoja. Shule haikuwepo tena, lakini deni lilibaki. Huko Scotland nako, Tayside Aviation ya Dundee, shule ya miaka mingi, ilianguka mwezi Aprili mwaka 2023.

Kama hayo yanatokea kwenye nchi zenye mahakama na bima za kila aina, mfanyabiashara wa Kintinku asidhani ana kinga. Njia salama ni kulipa kwa awamu kulingana na saa zilizorukwa, kutunza nakala ya kitabu cha saa kila mwezi, na mkataba useme wazi fedha zitarudishwaje shule ikifungwa au ndege zikikaa chini.

USALAMA HAUONEKANI KWENYE KIPEPERUSHI

Tarehe 5 Machi mwaka 2024, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana angani na ndege ya abiria ya Safarilink aina ya Dash 8 karibu na uwanja wa Wilson, Nairobi. Ndege ya abiria, ikiwa na watu 44, ilirudi na kutua salama. Cessna ilianguka katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mwanafunzi na mwalimu wake walikufa.

Wilson ni kitovu cha shule za urubani Afrika Mashariki, na vijana wengi wa Kitanzania wamepita hapo. Pia ni uwanja wenye shughuli nyingi, ambapo wanafunzi na ndege za watalii hutumia anga moja. Anayechagua shule aulize mwanafunzi hufanyia wapi mazoezi, na anafikaje kwenye eneo la mazoezi na kurudi.

Shule yenye maringo ya ofisi si lazima iwe salama. Mambo yanayopimika ni haya. Ndege ni ngapi, na ngapi kati ya hizo zinaruka leo? Nani anazitengeneza, na ukaguzi wa kila saa 100 umeandikwa wapi? Walimu wa kudumu ni wangapi, na wamekaa muda gani? Mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Shule imepata ajali gani, na baada ya hapo ilibadilisha nini?

Swali la mwisho lina uzito kuliko yote. Shule inayojibu kwamba haijawahi kuwa na tukio lolote, hata dogo, huenda haiandiki matukio yake. Inayotoa daftari na kuonyesha mwalimu aliyewahi kusimamisha safari kwa sababu ya hali ya hewa inaonyesha kwamba pana mtu mwenye uwezo wa kusema hapana. Safari ya kutembelea, bila taarifa, asubuhi ya siku ya kazi, hufundisha zaidi ya kurasa za matangazo. Wanafunzi wanaokunywa chai wakingoja ndege iliyoharibika watasema yote.

Usimamizi wa serikali nao ni sehemu ya hesabu. Mwezi Desemba mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwenda kwake, na Juni mwaka 2025 ukapanua zuio hilo kwa mashirika yote yaliyopewa vyeti Tanzania, ukitaja upungufu wa wataalamu na udhaifu wa ukaguzi. Zuio hilo halikuhusu shule za urubani, lakini linamkumbusha mnunuzi kwamba mhuri peke yake hautoshi.

AJIRA: SOKO LENYE MISIMU

Soko la marubani lina kiangazi na masika. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilikufa mwaka 1977, na Air Tanzania ikazaliwa mwaka huo huo. Fastjet ilianza kuruka Tanzania mwezi Novemba mwaka 2012, ikaajiri, kisha ikasimama mwishoni mwa mwaka 2018. Air Tanzania ilifufuliwa mwaka 2016 kwa ndege mbili za Q400, ikafuatiwa na Boeing 787 na Airbus A220 mwaka 2018, na milango ya ajira ikafunguka. Korona ikaja mwaka 2020, na marubani duniani kote wakarudishwa nyumbani.

Anayeanza kozi leo atamaliza baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Hali ya soko ya siku hiyo hakuna anayeijua. Aidha, kijana mwenye saa 200 haingii moja kwa moja kwenye ndege kubwa. Makampuni na bima zao mara nyingi hutaka saa zaidi. Wengi huanzia kwenye ndege ndogo zinazopeleka watalii Serengeti, Mafia na Zanzibar, au hubaki shuleni kama walimu ili kukusanya saa. Mzazi apange fedha za kumtunza kijana walau mwaka mmoja baada ya leseni. Leseni isiyotumiwa inahitaji kuhuishwa, nayo ni gharama.

Leseni ya nje ina jambo lake. Aliyesoma Kenya au Afrika Kusini lazima leseni yake itambuliwe au ibadilishwe na TCAA kabla ya kurusha ndege zilizosajiliwa Tanzania. Nchi za Jumuiya zimekuwa zikilinganisha kanuni kupitia wakala wao wa CASSOA wenye makao Entebbe, ulioanzishwa mwaka 2007. Hata hivyo, utaratibu na gharama za mitihani viulizwe kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi.

MILANGO MINGINE

Chuo cha Soroti, Uganda, kilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya nchi zote tatu za Afrika Mashariki, na Jumuiya ya zamani ilipovunjika kikabaki mikononi mwa Uganda. Kwa upande wa Tanzania, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimeingia katika masomo ya anga kwa msaada wa mradi wa Benki ya Dunia, na kimepata ndege za mafunzo. Maswali yale yale ya walimu, ndege na ratiba yaulizwe huko pia. Chuo cha umma kina faida ya kutofungwa usiku, lakini foleni ya ndege inaweza kuwa ndefu.

Tena anga si rubani peke yake. Fundi ndege na mwongoza ndege hutafutwa, na mafunzo yao hugharimu sehemu ndogo tu ya ada ya urubani. Chuo cha Usafiri wa Anga cha Dar es Salaam hufundisha waongoza ndege, na NIT hufundisha mafundi. Kwa familia ambayo mtaji wake wote ni ghala moja, mlango huo unastahili kutazamwa kwanza.

HESABU YA MWISHO

Wafanyabiashara wa mazao wana kanuni ya zamani: usiweke kwenye gari moja mzigo ambao ukipinduka utakufilisi. Ada ya urubani itolewe kwenye faida, isitolewe kwenye mtaji wa mzunguko, na nyumba wanamolala wadogo zake isiwekwe rehani.

Kijana aliyepimwa na daktari, aliyepata shule yenye cheti na daftari la matukio, anayelipiwa kwa awamu, na mwenye akiba ya mwaka wa kungoja, ana nafasi nzuri. Anayekosa lolote kati ya hayo manne angoje msimu mmoja. Alizeti italimwa tena mwakani, na shule nzuri itakuwa bado inapokea wanafunzi.